Bangili za Hisani: Gramu Tano za Mpira na Hesabu Iliyo Nyuma Yake

Chukua bangili ya mpira, zile zinazouzwa kuchangia wagonjwa au ujenzi wa darasa, uikate kwa mkasi na kuinyoosha juu ya rula. Urefu milimita 202, upana 12, unene 2. Hicho ndicho kipimo cha mtu mzima ambacho viwanda vingi hukupa usipotaja kingine. Ukiiweka kwenye mizani ya sonara utapata gramu 5 na nusu hivi. Maana yake bangili 1,000 hazifiki kilo 6, mzigo ambao mwanafunzi anaubeba mgongoni bila kulalamika.

Ndani ya begi hilo panaweza kuwa na ada ya watoto kadhaa au dozi za mgonjwa. Panaweza pia kuwa na hasara, na maneno ya chini chini kwamba fulani amekula michango. Mpira ni uleule, kiwanda ni kilekile. Kinachotofautisha ni jinsi kazi ilivyopangwa kabla ya kuagiza na jinsi pesa zilivyohesabiwa baada ya kuuza. Mtu anayetoa shilingi 2,000 kwa kipande cha mpira hanunui mpira, ananunua ahadi kwamba pesa yake itafika. Ahadi hiyo ndiyo ya kulindwa kuanzia siku ya kuchagua rangi.

Mtindo huu ulianza na rangi ya njano. Mei 2004, mfuko wa saratani wa mwendesha baiskeli wa Marekani, Lance Armstrong, ulishirikiana na Nike kutoa bangili ya njano yenye neno moja tu, LIVESTRONG, kwa dola 1. Armstrong aligundulika kuwa na saratani ya korodani mwaka 1996 na mwaka uliofuata akaanzisha mfuko huo. Njano ilikuwa rangi ya jezi ya anayeongoza mashindano ya Tour de France. Nike ilitengeneza bangili milioni 5 za kuanzia, zikaisha ndani ya miezi michache. Mwishowe ziliuzwa zaidi ya milioni 80.

Watu wengi husema zilipendwa kwa sababu ya jina la mtu maarufu. Jina lilisaidia, lakini bangili yenyewe ilikuwa na sifa ambazo beji na utepe havina. Utepe mwekundu wa UKIMWI, uliobuniwa New York mwaka 1991, unabanwa kwenye nguo, na nguo ikivuliwa nao umevuliwa. Bangili ya silikoni unaoga nayo, unafua nayo, unalala nayo, kwa hiyo inaonekana miezi, si siku. Bei yake ilimfikia mwanafunzi, na iliyovaliwa na tajiri haikuwa na tofauti yoyote na ya mwanafunzi. Tena ilikuwa na neno moja kubwa linalosomeka kutoka upande wa pili wa meza. Anayeliona anauliza, anayeulizwa anaeleza, na hapo mnunuzi wa pili ameshapatikana.

Mwaka huohuo wa 2004, Radio 1 ya BBC nchini Uingereza ilitoa bangili za buluu dhidi ya uonevu mashuleni. Ziliadimika upesi, watu wakaanza kuziuza tena kwenye eBay kwa bei ya kuruka, na faida hiyo ya pili haikwenda kwa watoto wowote. Januari 2005, Nike pamoja na mchezaji Thierry Henry walitoa bangili mbili zilizopitishwa moja ndani ya nyingine, nyeusi na nyeupe, kupinga ubaguzi wa rangi viwanjani. Ziliuzwa kwa mamilioni Ulaya, na pesa zikasimamiwa na mfuko uliokuwa chini ya King Baudouin Foundation ya Ubelgiji. Jambo hili la mwisho linafaa kuangaliwa vizuri: aliyeuza hakuwa ndiye aliyeshika sanduku.

Kisha ikaja nyeupe, na hii ilitugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Kampeni ya Make Poverty History ya mwaka 2005 ilitumia bangili nyeupe kudai mataifa tajiri yafute madeni ya nchi maskini, yaongeze misaada na yarekebishe biashara. Nelson Mandela alihutubia umati kwenye uwanja wa Trafalgar, London, tarehe 3 Februari mwaka huo. Julai, viongozi wa G8, kundi la mataifa manane makubwa kiuchumi, walikutana Gleneagles, Scotland, na mpango wa kufuta madeni ya nchi 18 za kwanza ukapitishwa. Tanzania, Uganda na Rwanda zilikuwemo, Kenya haikuwemo. Bangili haikufuta deni, maana mazungumzo ya madeni yalikuwa yameanza miaka mingi nyuma. Lakini waziri aliyekuwa akitazama mikono ya watu wake aliona weupe kila kona, na hilo lina uzito wake.

Kampeni hiyo pia ilipata aibu ambayo kila mwagizaji anapaswa kuijua. Mwaka huohuo iliripotiwa kwamba baadhi ya bangili nyeupe zilitoka viwanda vya China ambako wafanyakazi walilipwa chini ya kima cha chini na kufanya kazi saa nyingi kupita kiasi. Bangili ya kupinga umaskini ilikuwa imetengenezwa na mtu anayefukarishwa. Swali la kumuuliza wakala, basi, si bei peke yake. Uliza jina la kiwanda, uliza ripoti ya ukaguzi wa mazingira ya kazi, na uliza kama oda itafanyiwa humohumo au itagawiwa kwa karakana nyingine. Wakala asiyetaka kutaja kiwanda ameshajibu.

Na bangili ya njano nayo ilipata pigo lake. Oktoba 2012, shirika la Marekani la kupambana na dawa za kusisimua misuli lilitoa ripoti yake, Armstrong akanyang'anywa mataji yake 7 ya Tour de France. Alijiuzulu uenyekiti wa mfuko, Nike ikavunja mkataba naye, mfuko ukabadili jina ukawa Livestrong Foundation, na mwaka 2013 Nike ikatangaza kuacha kutengeneza bidhaa zake. Wagonjwa waliosaidiwa walikuwa wa kweli, pesa zilikuwa za kweli, lakini rangi ilikuwa imefungwa kwenye jezi ya mtu mmoja. Ukiweka sura au jina la msanii kwenye bangili yako, umeiweka kampeni mikononi mwa mwenendo wake. Weka jina la jambo lenyewe.

Tuje kwenye mpira. Silikoni huingia kiwandani ikiwa kama ugali mgumu, nyeupe iliyofifia. Hupitishwa kati ya mapipa mawili ya chuma yanayozunguka, ikichanganywa na rangi pamoja na dawa ya kuifanya iive. Ikishakolea hukatwa vipande vilivyopimwa uzito, vikalazwa ndani ya kalibu ya chuma, na kalibu ikabanwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 160 hadi 180 za Selsiasi kwa dakika chache. Humo ndimo mpira unapoiva, na ukishaiva hauyeyuki tena. Ndiyo maana bangili iliyokosewa maandishi haiwezi kurudishwa motoni ikaundwa upya kama plastiki ya ndoo. Kosa la herufi moja ni hasara ya oda nzima.

Kuna njia kadhaa za kuweka maneno, na hapa ndipo wengi hudanganyika na bei. Ya kwanza ni maneno yaliyozama, yanayotokana na kalibu iliyochongwa herufi zako. Kalibu hulipiwa mara moja, kwa hiyo bangili 100 za kwanza huonekana ghali mno na za 1,000 huonekana rahisi. Maneno ya aina hii hayafutiki maisha ya bangili, ila kwa mbali hayasomeki, kwa sababu rangi ya herufi ni ileile ya mpira. Ya pili ni maneno yaliyozama na kujazwa wino. Mfanyakazi huingiza wino wa silikoni kwenye kila herufi kwa sindano, hupangusa uliomwagika, kisha bangili hurudishwa kwenye joto ili wino ushike. Hiyo ndiyo inayosomeka vizuri na kudumu, na ndiyo tunayoipendekeza kwa kampeni inayotaka kuulizwa barabarani. Ya tatu ni kuchapa wino juu ya bangili laini isiyochongwa. Haihitaji kalibu, hivyo hata bangili 50 zinawezekana, na hata fundi wa mjini kwako anaweza kuifanya. Lakini silikoni haishiki wino wa kawaida. Usipotumika wino wake maalumu na kuokwa, jasho na mafuta ya ngozi yataung'oa ndani ya wiki chache, na mvaaji atabaki na pete ya mpira isiyosema kitu. Siku hizi pia kuna mashine za leza zinazokwangua tabaka jembamba la rangi ya juu ili rangi ya chini itokeze. Matokeo ni safi, mradi tabaka hilo lisiwe jembamba mno, maana linachubuka.

Kabla ya kulipa, omba sampuli tatu, si moja, na uzitese. Ivute mpaka ifike mara mbili ya urefu wake, iache. Ikirudi ilivyokuwa, imeiva. Ikikatika au ikinata vidoleni, haikuiva vizuri. Ikunje kwa nguvu utazame kwenye kona ya mkunjo: mpira ukigeuka mweupe hapo, umechanganywa na vumbi la kujazia ili kupunguza gharama, na utapasuka mapema. Kisha ichome ncha ukiwa nje ya nyumba, umeishika kwa koleo. Silikoni hutoa moshi mweupe na kuacha jivu jeupe kama unga. Ikitoa moshi mweusi wenye harufu kali inayowasha pua, hiyo ni plastiki ya PVC iliyopewa jina la silikoni. Irudishe.

Sampuli nzuri haimaanishi mzigo mzuri. Mzigo ukifika, mwaga mafungu mawili juu ya shuka jeupe na ukague chini ya mwanga wa jua. Utatafuta vinyuzi vya mpira vilivyobaki pembeni ambako kalibu ilikutana, viputo vya hewa, herufi zilizojazwa wino nusu (e, a na o ndizo huathirika kwanza, tundu lake huziba), na vichembe vya rangi ngeni. Vichembe hivyo hutokana na mapipa ambayo hayakusafishwa baada ya rangi ya oda iliyotangulia. Bangili nyeupe na za waridi hafifu ndizo huonyesha sana, nyeusi huficha kila kitu. Kubaliana na kiwanda mapema kwa maandishi: kasoro zikizidi 2 kati ya kila 100, watafidia. Bila maandishi utaambiwa kwamba ndivyo silikoni ilivyo.

Sasa maneno. Kiswahili ni lugha ya maneno marefu, na bangili ni ndogo. Mzunguko ni milimita 202, lakini sehemu inayoonekana mtu anaponyoosha mkono ni sentimita 5 au 6 tu za juu ya kifundo. Kwa upana wa milimita 12, herufi nzuri ina kimo cha milimita 7 au 8 na kila moja hula kama milimita 5 ya urefu. Piga hesabu mwenyewe: sehemu inayoonekana inabeba herufi 10 hadi 12. "Tokomeza Saratani ya Mlango wa Kizazi" ni herufi 32 bila nafasi. Ikichapwa yote, ama herufi zitakuwa ndogo kama za maelekezo ya dawa, ama mtu atasoma "ya Mlango wa" na kubaki akishangaa. Chagua neno moja la kukaa juu, kama "Pima", "Tupo" au "Mtetee", na urudie neno hilo mara mbili kwenye mzunguko ili lisomeke bangili inapozunguka mkononi. Maelezo mengine, pamoja na namba ya simu ya kituo au anwani ya tovuti, yachapwe upande wa ndani.

Usiandike mwaka. Bangili yenye mwaka ni kalenda: Desemba ikipita haiuziki, na utabaki na boksi chini ya kitanda. Uhakiki wa herufi ufanywe na watu wawili ambao hawakuandika maneno hayo, tena wasome kutoka neno la mwisho kurudi la kwanza, maana jicho linalojua sentensi huruka makosa. Kiwandani hakuna anayejua Kiswahili. Ukituma "saratini" utaletewa "saratini" 1,000 zilizochongwa kwa ustadi mkubwa.

Rangi ina lugha mbili, ya dunia na ya mtaani kwako. Kwa dunia, waridi ni saratani ya matiti, nyekundu ni UKIMWI, njano imebaki ya saratani kwa jumla kwa sababu ya ile ya 2004. Mtaani mambo ni mengine. Bangili ya kijani na njano nchini Tanzania, kabla mtu hajasoma neno lolote, imeshakuwa ya CCM au ya Yanga. Nyekundu na nyeupe ni ya Simba. Kampeni ya damu salama ikitoka na nyekundu na nyeupe, nusu ya kijiwe watakataa kuivaa na nusu nyingine wataivaa kwa sababu isiyo yako. Kenya nako kila chama kina rangi zake, na karibu na uchaguzi hata kofia ya jua huulizwa ni ya nani. Rangi moja iliyokolea, isiyoambatana na nyingine, ndiyo salama. Mtumie kiwanda namba ya rangi kutoka kwenye kitabu cha rangi cha Pantone, usitume picha ya simu, kwa kuwa kioo cha simu hubadilisha waridi kuwa nyekundu na buluu kuwa zambarau.

Kipimo nacho. Milimita 202 inamtosha mtu mzima wa wastani. Watoto wa shule ya msingi watahitaji 180, la sivyo bangili itachomoka wakicheza na kupotea siku hiyohiyo. Wanaume wenye mikono mikubwa, wavuvi na mafundi chuma, wanahitaji zaidi ya 202. Kinachopimwa hapa ni kiganja, wala si kifundo: kunja dole gumba liguse kidole cha mwisho, zungusha uzi kwenye sehemu pana ya kiganja. Silikoni inavutika, kwa hiyo uzi ukizidi bangili kwa sentimita 2 au 3 itapita bila shida. Mgawanyo unaofanya kazi kwa kampeni ya jamii nzima ni 6 za watu wazima, 3 za watoto na 1 kubwa katika kila 10.

Bei ndiyo mtego mkubwa. Tuchukue mfano wa shilingi za Tanzania ili tuone namba zinavyotembea. Umepewa bei mbili, zote zikiwa na usafiri na ushuru wa forodha ndani: bangili 1,000 kwa 700 kila moja, au 3,000 kwa 450 kila moja. Moyo unakimbilia 450. Sasa uza bangili 812 kwa 2,000. Umeingiza 1,624,000. Kwa oda ya kwanza ulitumia 700,000, umebaki na 924,000 kwa ajili ya wagonjwa. Kwa oda ya pili ulitumia 1,350,000, umebaki na 274,000 na maboksi yenye bangili 2,188. Waliouziwa ni walewale, wagonjwa ni walewale, ila 650,000 zimegeuka mpira. Agiza idadi ambayo una majina ya watu watakaoiuza. Kalibu ikishachongwa kiwanda kinaweza kuitunza, na oda ya pili hutoka upesi kuliko ya kwanza. Tafuta pia idadi ya kurudisha mtaji, hapa 700,000 kugawa kwa 2,000, yaani bangili 350. Kila muuzaji aijue namba hiyo, maana mpaka ifikiwe hakuna hata shilingi moja iliyokwenda kwa mgonjwa.

Pesa zinapotea wapi? Mara chache zinaibwa kwa mpigo. Hupotea kwa "nipe tano nitakuletea Ijumaa". Dawa yake ni mafungu. Bangili zipakiwe 50 kwenye kila mfuko, mfuko uandikwe namba kwa kalamu isiyofutika, na kila fungu litoke kwa saini. Kaunta buku moja linatosha, lenye safu saba: tarehe, jina la muuzaji, namba ya fungu, alizochukua, alizorudisha, pesa iliyoingia, saini. Muuzaji hapewi fungu la pili kabla la kwanza halijafungwa kwa pesa au kwa bangili zilizobaki. Sheria hii imfunge mwenyekiti wa kamati kama inavyomfunga kijana wa mtaani, kwa sababu mwenyekiti ndiye anayeona haya kuulizwa na ndiye ambaye wengine wanaona haya kumuuliza.

Pesa taslimu zipunguzwe kadiri iwezekanavyo. Lipa namba Tanzania, au paybill Kenya, iliyosajiliwa kwa jina la kikundi na si la mtu, inamfanya mnunuzi aone jina hilo kabla hajaweka namba ya siri. Jina la mtu binafsi likitokea kwenye simu yake, mkono unasita, na unasita kwa haki. Makato ya miamala yaandikwe kama gharama, yasifichwe ndani ya jumla. Zawadi nazo ziandikwe: bangili aliyopewa mgeni rasmi ni bangili, ilinunuliwa kwa shilingi 700.

Kuna wanaoamua kuacha silikoni na kutumia shanga, na uamuzi huo una maana sana kwetu. Bangili za shanga zenye rangi za bendera ya Kenya zimevaliwa miaka mingi bila kampeni yoyote kuzisukuma, na mwanamke aliyezitunga amelipwa. Hapo pesa inasaidia mara mbili. Lakini hesabu yake ni nyingine kabisa. Shanga za kioo za namba 11/0, nyingi zikitoka Jamhuri ya Czech, hukaa 18 hivi kwenye inchi. Mstari wa sentimita 17 unakula shanga 120, na bangili ya mistari 7 inakula kama 840, kila moja ikipitiwa na sindano. Hakuna mtu atakayekutungia 1,000 kwa wiki mbili, na anayeahidi hivyo atawagawia wengine kwa malipo usiyoyajua. Andika malipo ya mtungaji kwenye kikaratasi cha bei: kiasi gani kwake, kiasi gani kwa vifaa, kiasi gani kwa kituo.

Makosa ya shanga ni mawili. Uzi wa pamba huoza kwa jasho, tumia nailoni iliyopakwa nta. Na rangi: shanga nyingi za waridi na zambarau ni kioo kilichopakwa rangi juu, hazikuchanganywa rangi kioo kikiwa moto. Zitapauka kwa jua na sabuni, na kampeni ya saratani ya matiti itabaki na bangili za rangi ya mchele. Loweka shanga chache kwenye jiki usiku mmoja kabla hujanunua kilo.

Mvaaji naye aelezwe mambo machache ya mwili. Silikoni haina utomvu wa mpira wa asili, kwa hiyo mwenye mzio wa glavu anaweza kuivaa. Vipele vinavyotokea chini yake mara nyingi ni vya jasho na sabuni iliyonaswa. Avue, aoshe, akaushe ngozi, apumzishe siku mbili. Fundi wa mashine inayozunguka, wa cherehani ya umeme au wa kinu, aivue kabla ya kuwasha. Na anayelazwa hospitali aivue akifika mapokezi. Mwaka 2004, baadhi ya hospitali za Florida zililazimika kuzifunika kwa utepe bangili za njano za wagonjwa, kwa kuwa humo bangili ya njano ilikuwa alama ya mgonjwa asiyetaka kufufuliwa moyo ukisimama. Mwaka uliofuata, huko Pennsylvania, muuguzi aliyezoea rangi za hospitali nyingine alimfunga mgonjwa bangili ya njano akikusudia kitu kingine kabisa, na mgonjwa yule nusura aachwe bila kuhudumiwa. Baadaye hospitali za Marekani zilianza kukubaliana rangi: nyekundu kwa mzio, njano kwa anayeweza kuanguka, zambarau kwa asiyetaka kufufuliwa. Bangili yako ya hisani haijui kama iko sokoni au wodini.

Kampeni ikifungwa, karatasi moja ibandikwe palepale bangili zilipouzwa, msikitini, kanisani, ofisi ya mtaa, na itumwe kwenye magrupu yote ya WhatsApp yaliyotangaza mauzo. Kwa mfano wetu ingesomeka hivi: zilizoletwa 1,000, zilizouzwa 812, zilizotolewa zawadi 60, zenye kasoro 23, zilizobaki 105, ziko kwa mhazini ndani ya mafungu namba 18, 19 na 20. Zilizoingia 1,624,000. Gharama ya bangili 700,000. Makato ya miamala 16,000. Zilizokabidhiwa kituo 908,000, stakabadhi imebandikwa chini. Kwa kila bangili uliyonunua kwa 2,000, shilingi 1,118 zimefika.